Minoksidili ya maji, ya povu, au iliyochanganywa na finasteridi: ipi utaiweza kwa miaka?

Anayeanza dawa ya kupaka kwa ajili ya upara wa kurithi kwa kawaida huuliza ipi ina nguvu zaidi. Kuna swali linalopaswa kutangulia: ipi utaipaka leo, kesho, na mwaka wa tano bila kuichoka? Dawa hizi haziponyi upara. Zinauzuia maadamu zinapakwa, na siku zikiachwa saa inaanza kuhesabu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya wanaume waliopaka minoksidili kwa wiki 96 kisha wakasimamishwa. Wiki 24 baadaye, faida yote waliyoipata ilikuwa imepotea. Kwa hiyo ulinganisho huu unapima kila dawa kwa mambo mawili kwa pamoja: inafanya nini kichwani, na inavumilika vipi katika maisha ya kila siku.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unachotibu ni upara wa kurithi. Kwa mwanamume huanza kwenye pembe mbili za paji na utosini, nywele zikizidi kuwa nyembamba na fupi kabla ya kupotea, huku kisogo kikibaki kizima. Kwa mwanamke, njia ya katikati ya kichwa hupanuka taratibu lakini mstari wa mbele mara nyingi hubaki. Ukiona nywele zimeisha pembeni, juu ya masikio na kwenye paji, mahali ambapo rasta na mistari huvutwa kwa nguvu, hiyo ni kazi ya msuko. Kupaka dawa huku ukiendelea kusuka vile vile ni kupoteza fedha. Madoa ya mviringo yenye magamba, hasa kwa mtoto, huenda ni mapunye, na yanataka dawa ya fangasi. Na utosi unaouma au kuchoma, ngozi ikawa laini inang'aa bila vitundu vya nywele, ni dalili ya kovu. Hapo wahi kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kishina cha nywele kikishageuka kovu, hakuna dawa ya kupaka itakayokifufua.

Zinavyolingana kwa haraka

| | Maji 2% | Maji 5% | Povu 5% |
|---|---|---|---|
| Kipimo | ml 1, mara 2 kwa siku | ml 1, mara 2 kwa siku | nusu kifuniko (gramu 1), mara 2 mwanamume, mara 1 mwanamke |
| Minoksidili kwa siku | mg 40 | mg 100 | mg 100 mwanamume, mg 50 mwanamke |
| Chupa ya ml 60 au kopo la gramu 60 | siku 30 | siku 30 | siku 30 mwanamume, siku 60 mwanamke |
| Propilini glaikoli | ipo | ipo, kwa kawaida nyingi zaidi | haipo |

Mstari wa mwisho wa jedwali, wa kiowevu kinachobeba dawa, ndio unaoamua mambo mengi kuliko watu wanavyodhani, na tutaurudia.

Asilimia 2 au 5?

Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele usoni na mikononi, na hapo ndipo wazo la kuipaka kichwani lilipotoka. Ya maji ya 2% iliidhinishwa kwa wanaume mwaka 1988, kwa wanawake 1991. Ya 5% kwa wanaume ikafuata 1997, povu likaja 2006, na povu la wanawake 2014.

Kwa mwanamume jibu ni rahisi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, waliopaka 5% walikuwa na ukuaji mpya wa nywele uliozidi wa 2% kwa asilimia 45 ilipofika wiki ya 48, na ulianza kuonekana mapema. Hakuna sababu nzuri ya mwanamume kuchagua 2% isipokuwa ngozi yake imekataa 5% na povu halipatikani.

Kwa mwanamke mambo si hivyo. Zote mbili hufanya kazi, lakini 5% ya maji mara mbili kwa siku huleta mwasho zaidi na nywele zaidi usoni: mashavuni, juu ya nyusi, pembeni mwa masikio. Nywele hizo huondoka miezi michache baada ya kuacha, lakini kwa wengi zinatosha kuwafanya waache dawa kabisa. Povu la 5% mara moja kwa siku lililinganishwa moja kwa moja na maji ya 2% mara mbili kwa siku, na baada ya wiki 24 halikuwa nyuma. Kwa mwanamke mwenye nywele zisizosukwa, tungeanza na povu: mpako mmoja badala ya miwili, na kopo linalodumu miezi miwili. Mwenye nywele zilizosukwa ana hesabu nyingine.

Maji au povu?

Minoksidili haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ndiyo maana dawa ya maji huchanganywa na alkoholi na propilini glaikoli, kiowevu kizito kidogo kinachoishikilia dawa isigande. Kiowevu hicho ndicho huacha kichwa kikiwa na utelezi, na ndicho mara nyingi huleta mwasho, wekundu na magamba meupe. Watu wengi husema "dawa imenikataa" kumbe kilichowakataa ni kibebeo chake. Ukipata mwasho kwa dawa ya maji, hamia povu kabla ya kukata tamaa. Ukiwashwa hata na povu, hapo huenda ni minoksidili yenyewe, au alkoholi, na daktari wa ngozi anaweza kupima kwa vibandiko.

Kuna magamba mengine yanayodanganya. Alkoholi ikiruka, minoksidili hubaki kama unga mweupe mdogo kwenye mashina ya nywele. Uguse kwa ncha ya kidole: ni mkavu, haunati, na hutoka ukioshwa. Mba huwa na mafuta na hushikamana na ngozi. Anayeuchukulia unga huo kuwa mba huongeza mafuta ya nywele, na mafuta yakitangulia dawa, dawa haifiki mahali pake.

Povu hukauka haraka na halichirizi kwenye paji. Udhaifu wake ni mawili. Kwanza, limetengenezwa liyeyuke kwa joto la mwili, kwa hiyo likiguswa na vidole vya moto hugeuka maji kabla halijafika kichwani. Katika mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hilo hutokea kwa sekunde. Osha mikono kwa maji baridi, ikaushe, au litoe povu kwenye kisahani kilichokaa kwenye friji kisha ulichote kidogo kidogo. Pili, povu linakaa juu ya nywele kabla ya kufika kwenye ngozi. Kwa kichwa kilichonyolewa au nywele fupi halina tatizo. Kwa nywele nene za kipilipili zilizoachwa zikue, au rasta, nusu ya dozi itabaki kwenye nywele.

Hapo dawa ya maji yenye dropa inashinda. Ncha yake inapita kati ya mistari na kuangusha tone palepale kwenye ngozi. Mwanamke aliyesuka twende kilioni anaweza kuvuta ml 1 na kuigawa kwenye njia zote za utosini bila kufumua kitu. Gharama yake: alkoholi hukausha nywele, na unyevu huweza kurudisha mawimbi kwenye nywele zilizopigwa pasi. Osha kila wiki au mbili, tumia mafuta kwenye urefu wa nywele tu, na uyapake baada ya dawa kukauka.

Kuhusu ya kupuliza: inaonekana rahisi, lakini sehemu kubwa huishia kwenye nywele, paji na hewani. Kama chupa yako inakuja na vichwa viwili, chukua dropa.

Namna ya kupaka isiyopoteza dawa

Kichwa kiwe kikavu. Si lazima kiwe kimeoshwa siku hiyo, ila kisiwe na tabaka la mafuta au jeli. Gawa nywele kwa kichana cha mkia kwenye eneo linalopungua, njia nne au tano zenye umbali wa kidole. Jaza dropa hadi alama ya ml 1, angusha matone machache kwenye kila njia, kisha sambaza kwa ncha za vidole bila kusugua kwa nguvu. Dawa iende pale nywele zinapopungua na pembezoni mwake, si kichwa kizima: ml 1 iliyotandazwa hadi kisogoni ni nyepesi mno kila mahali. Osha mikono kwa sabuni mara moja.

Iache kwa muda wa saa 4 kabla ya kulowesha kichwa. Kwa ya usiku, paka zikiwa zimebaki saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, la sivyo itahamia kwenye foronya na kutoka hapo hadi mashavuni. Hii ndiyo njia ya kawaida ya kuota nywele usoni. Kwa wanaoswali, ratiba inayokaa vizuri ni baada ya Alfajiri na baada ya Isha: ya asubuhi inapata saa zake kabla ya udhu wa Adhuhuri, na ya usiku inakauka kabla ya kitanda. Anayevaa hijabu au kofia aisubiri ikauke kabisa kwanza. Dawa iliyofunikwa ikiwa mbichi huwasha zaidi, na huenda mwilini zaidi.

Ukikosa mpako mmoja, endelea na unaofuata. Usipake ml 2 kufidia. Na mwanamume anayeona mara mbili kwa siku zinamshinda asiache: mara moja kila siku ni pungufu kuliko inavyoelekezwa, lakini ni bora mno kuliko mwezi wa bidii na mwezi wa kupumzika. Kinachoua matokeo ni mapengo.

Mchanganyiko wenye finasteridi

Minoksidili haigusi chanzo cha upara wa kiume. Chanzo ni homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni, ambayo huvinyausha vishina vya nywele vilivyorithi udhaifu kwayo. Minoksidili hukirefusha kipindi cha nywele kukua. DHT inaendelea na kazi yake chini kwa chini. Hii inaeleza kitu ambacho watumiaji wa muda mrefu hukilalamikia. Wanaume waliofuatiliwa kwa miaka mitano walifika kilele karibu mwaka wa kwanza, kisha idadi ikashuka polepole, ingawa hadi mwisho walikuwa bado juu ya walipoanzia. Wengi huita hali hiyo "kichwa kuzoea dawa". Si mazoea. Ni upara unaosonga mbele wakati dawa imesimama palepale, na bila dawa kushuka kungekuwa kwa kasi zaidi.

Finasteridi ndiyo inayopunguza DHT. Kidonge cha mg 1 kiliidhinishwa Marekani kwa wanaume mwaka 1997. Ya kupaka ya 0.25% ilijaribiwa dhidi ya kidonge, matokeo yakachapishwa mwaka 2021: ongezeko la nywele lilikaribiana baada ya wiki 24, lakini DHT ya damuni ilishuka kwa takriban 34.5% kwa waliopaka, dhidi ya 55.6% kwa waliomeza. Soma takwimu hiyo vizuri. Ya kupaka ni laini zaidi kwa mwili, lakini inaingia. Anayeambiwa kwamba "inabaki kichwani tu" anadanganywa. Mwezi Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu michanganyiko ya finasteridi ya kupaka inayotengenezwa na maduka ya dawa, kwa sababu ya ripoti za upungufu wa hamu na nguvu za tendo la ndoa, huzuni na wasiwasi, na kwa baadhi dalili ziliendelea hata baada ya kuacha.

Kwa hiyo mchanganyiko unamfaa mwanamume ambaye ametumia minoksidili ipasavyo kwa mwaka mzima, bado anaona upara unatambaa, na ana daktari wa kumfuatilia. Si wa kuanzia. Haumfai kabisa mwanamke mjamzito au anayeweza kupata mimba, hata kwa kugusa, kwa sababu unaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume tumboni. Mume anayepaka alale na foronya yake. Na mwanamume anayepimwa tezi dume amtajie daktari dawa hii: finasteridi hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ile ya kumeza kwa karibu nusu, na kipimo kilichoshushwa kinaweza kuficha saratani.

Shampuu ya ketokonazoli 2% hutajwa sana pamoja na hizi. Kwa mwenye mba ni nyongeza nzuri: mara 2 kwa wiki, povu likae dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Peke yake isichukuliwe kama tiba ya upara. Vidonge vya minoksidili vya dozi ndogo navyo vinatolewa na madaktari siku hizi kwa wasioweza kupaka; jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2024 halikuona kidonge cha mg 5 kikiipita 5% ya kupaka baada ya wiki 24. Anayekiendea kwa kudhani kina nguvu zaidi hana ushahidi. Anayekiendea kwa sababu kichwa chake kinakataa kupakwa ana hoja, mradi shinikizo la damu na moyo vipimwe kwanza.

Miezi inavyokwenda

Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele huweza kunyonyoka zaidi kuliko kabla ya kuanza. Hapa ndipo wengi huacha, wakiamini dawa inawamaliza. Nywele zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa nje na mpya zinazoanza chini yake. Huwa inatulia yenyewe. Mwezi wa 4 ndio wa mapema kutazama mabadiliko, na hukumu ya haki ni mwezi wa 12. Nywele za mwanzo huwa laini na nyepesi kama za mtoto. Si zote zitakomaa. Utosi hujibu vizuri kuliko pembe za paji, na kipara kilichong'aa miaka mingi hakijibu.

Jipige picha siku ya kwanza, kisha kila miezi 3: mahali pamoja, taa ile ile, nywele zikiwa kavu na za urefu ule ule. Kioo cha kila asubuhi hakioni mabadiliko ya mwaka.

Kuna pia wasiojibu. Minoksidili inahitaji kimeng'enya kilichomo kwenye kishina cha nywele kuigeuza iwe hai, na watu hawakijaaliwa sawa. Mwaka mmoja bila pengo, picha hazionyeshi kukua wala kusimama: acha, usipandishe dozi kiholela.

Wasioipaka, na walio karibu nao

Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Mwenye maradhi ya moyo au anayemeza dawa za shinikizo aulize daktari kwanza, kwa maana chimbuko la dawa hii ni mishipa ya damu. Mapigo ya moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kuvimba miguu au uzito kupanda ghafla: acha na uende hospitali. Usiipake kwenye ngozi yenye vidonda, iliyoungua jua au iliyochomwa na dawa ya kulainisha nywele; subiri ipone, kwa sababu ngozi iliyochubuka huiingiza dawa kwa wingi.

Watoto wachanga wameota nywele mwilini kwa kugusana na kichwa cha mzazi aliyepaka, kwa hiyo mtoto asilazwe wala kucheza kwenye kichwa kibichi. Na mwenye paka ajue kwamba minoksidili ni sumu kali kwao. Tone lililolambwa kwenye foronya linaweza kumuua. Kama paka hulala nawe, hili peke yake ni sababu ya kupaka mapema na kubadilisha foronya.

Ununuzi, uhifadhi na kubadilisha

Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, na utazame kama bidhaa imeandikishwa: Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Boksi liwe limefungwa, namba ya toleo kwenye boksi ilingane na ya chupani, na tarehe ya mwisho isiwe imebandikwa juu ya nyingine. Ukilinganisha bei, gawa kwa siku: kopo la povu linaloonekana ghali linaweza kuwa nafuu kwa mwanamke anayepaka mara moja tu.

Weka chupa mahali penye nyuzi 20 hadi 25, mbali na jua, na kizibo kikiwa kimekazwa. Chupa iliyoachwa wazi hupoteza alkoholi, ukaona fuwele nyeupe kwenye mdomo wake. Dozi ya ndani si ile tena. Ya maji na ya povu zote hushika moto, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu hadi kichwa kikauke, na kopo la povu lina gesi ya mgandamizo: lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Ukihama kutoka maji kwenda povu, au 2% kwenda 5%, anza mpya siku ile ile unayoacha ya zamani. Unyonyokaji mdogo unaweza kujirudia kwa wiki chache. Fungua chupa inayofuata ikiwa ya sasa imebakiza siku 7, usingoje ikauke. Na ukiamua kuacha kabisa, kupunguza polepole hakuzuii kitu: ndani ya miezi 3 au 4 nywele zilizoshikiliwa na dawa zitaanza kuondoka, na kichwa kitafika pale ambapo kingekuwa kama usingepaka siku hata moja.